Glasi nane za maji kwa siku: sentensi iliyoachwa njiani

Ujumbe wa kunywa maji hauchoki kuzunguka kwenye simu. Leo unaambiwa glasi nane, yaani lita mbili, kesho lita tatu, keshokutwa unatakiwa uzidishe uzito wako kwa namba fulani ndipo upate jibu lako. Mmoja anaapa kwamba glasi mbili kabla ya kupiga mswaki zinashusha shinikizo la damu, mwingine anakutisha kwamba ukingoja kiu figo zimeshaumia. Na katikati ya kelele hizo yupo mtu unayemfahamu ambaye daktari wake amemkataza kupita lita moja na nusu. Sasa nani mkweli?

Wengi wao wameshika nusu ya habari. Kabla ya kuitafuta nusu ya pili, tukubaliane kwanza juu ya maneno matatu, maana vurugu nyingi zimezaliwa hapo. Maji ya kunywa ni yale uliyomimina kwenye glasi ukayanywa yakiwa maji. Maji yote ni hayo pamoja na chai, maziwa, juisi, supu, na yale yaliyojificha ndani ya chakula. Upungufu wa maji mwilini ni pale mwili unapopoteza maji kuliko yanayorudi, hadi kazi zake zinaanza kuyumba. Koo kukauka baada ya maongezi marefu hakujafika huko. Ama glasi, tuseme ni ya mililita 250, ingawa glasi za kabatini kwako huenda hazilingani hata zenyewe kwa zenyewe.

Tuangalie matumizi kabla ya mapato, kama mtu anayepanga bajeti ya nyumba. Mwanamume mwenye kilo 70 amebeba maji kama lita 42, yaani takriban asilimia 60 ya uzito wake. Mwanamke hubeba kidogo chini ya hapo, kwa kuwa kwa kawaida ana mafuta mengi zaidi mwilini na mafuta hayashiki maji mengi. Kila siku sehemu ya akiba hiyo hutoka. Mkojo huchukua kama lita moja na nusu. Pumzi na ngozi huchukua karibu mililita 800 bila wewe kuona tone; ukitaka ushahidi, kipumulie kioo uone ukungu. Choo kikubwa huchukua mililita 100 hadi 200. Kwa mtu anayeshinda kivulini, amekaa, bila homa na bila jasho la maana, jumla inafika lita mbili na nusu hivi.

Hizo lazima zirudi, lakini haziji zote kwa mlango mmoja. Tikiti maji na tango ni maji kwa zaidi ya asilimia 90. Wali uliopoa kwenye sahani, unaoonekana mkavu kabisa, ni maji kwa takriban asilimia 70. Ndiyo maana kikombe kimoja cha mchele hutoa sufuria nzima. Yai la kuchemsha lina maji kama robo tatu. Hata mkate una zaidi ya theluthi. Kuna na chanzo kingine ambacho watu wachache hukifikiria: mwili unapounguza chakula kupata nguvu, maji hutengenezwa humo humo ndani, kama mililita 300 kwa siku. Ukiyaondoa hayo kwenye lita mbili na nusu, linalobaki kuzibwa na vinywaji ni pengo la lita moja na nusu, zaidi au pungufu kidogo. Na vinywaji maana yake ni vinywaji, si maji matupu peke yake.

Basi glasi nane zimetoka wapi? Hakuna anayeweza kuonyesha siku zilipozaliwa, ila kuna waraka mmoja unaotajwa mara nyingi kuliko mingine. Mwaka 1945, bodi ya chakula na lishe ya Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani iliandika kwamba kiasi kinachofaa kwa mtu mzima, katika hali nyingi, ni lita 2.5 kwa siku, na kwamba kipimo cha kawaida ni mililita moja kwa kila kalori ya chakula. Halafu ikafuata sentensi ya tatu: sehemu kubwa ya kiasi hicho imo ndani ya chakula kilichoandaliwa. Sentensi mbili za mwanzo zilisafiri dunia nzima. Ya tatu iliachwa njiani.

Mwaka 2002 Heinz Valtin, daktari aliyetumia miaka mingi ya kazi yake kuchunguza figo, alichapisha mapitio marefu katika jarida la fiziolojia la Marekani. Alikuwa akitafuta jambo dogo tu: utafiti wowote unaoonyesha kwamba mtu mzima mwenye afya, anayeishi mahali pasipo na joto kali na asiyefanya kazi nzito, anahitaji glasi nane za maji. Hakuupata. Hakusema watu waache kunywa maji, kama baadhi walivyomsoma. Alisema namba hiyo haina msingi.

Namba za siku hizi zina msingi ulio bora kidogo, ila nazo husomwa vibaya. Mwaka 2004 taasisi ya tiba ya Marekani ilitaja lita 3.7 kwa wanaume na 2.7 kwa wanawake. Mwaka 2010 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ikataja lita 2.5 na lita 2.0. Ukiziona namba hizo zimeandikwa kwa herufi kubwa kwenye picha yenye chupa ya buluu, kumbuka mambo mawili. La kwanza, zote ni za maji yote, chakula kikiwemo. Wamarekani wenyewe walikadiria kwamba karibu asilimia 20 hutoka kwenye chakula na nyingine kwenye vinywaji vya kila aina. La pili ndilo linalonichekesha. Ile namba ya Marekani haikupatikana kwa kuwanyima watu maji ili kuona wanaanza kuugua wapi. Ilipatikana kwa kuangalia watu wenye afya wanatumia maji kiasi gani, kisha ikachukuliwa katikati. Ni sawa na fundi cherehani kupima wateja wake wote, akapata kipimo cha kati, halafu watu wakatangaza kwamba huo ndio ukubwa wa shati ambao kila mtu ni lazima avae. Fundi hana kosa. Kosa ni la matangazo.

Na tofauti baina ya watu ni kubwa kuliko wengi wetu tunavyodhani. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti uliopima mzunguko wa maji katika miili ya watu 5,604 kutoka nchi 23, mdogo wao akiwa na siku 8 na mkubwa miaka 96. Washiriki walikunywa maji yaliyotiwa alama isiyo na madhara, kisha watafiti wakafuatilia alama hiyo inavyopungua mwilini siku baada ya siku. Walikuta kwamba mahitaji hubadilika kwa umri, ukubwa wa mwili, jinsia, kazi, joto, unyevu wa hewa, hata kwa ujauzito na mwinuko wa mahali mtu anapoishi. Kijana anayebeba mizigo juani na mzee anayesoma gazeti kivulini hawawezi kupewa chupa moja yenye mistari ya saa wakaambiwa waimalize kabla ya magharibi.

Kama namba moja haipo, mwili unajuaje? Hapa ndipo habari inaponoga.

Fikiria sufuria ya mchuzi jikoni. Mpishi hahesabu vikombe vya maji vilivyomo, anaonja. Chumvi ikizidi, anaongeza maji. Mchuzi ukiwa umepooza, anauacha uchemke upungue. Damu yako ni huo mchuzi, na mpishi amekaa chini ya ubongo, katika sehemu ndogo yenye seli zinazoonja ukali wa damu usiku na mchana. Ukali ukipanda kwa asilimia moja au mbili tu, mpishi hufanya mambo mawili. Anatoa homoni iitwayo vasopresini, inayoziamuru figo zibane maji, na ndipo mkojo unapokuwa mchache na mzito. Kisha anakuletea kiu. Ukinywa, ukali unashuka, homoni inapungua, figo zinaachia maji, na mkojo unarudi kuwa mwingi na mwepesi.

Figo zenyewe zina uwezo wa ajabu. Kwa siku moja huchuja takriban lita 180 za majimaji, zikarudisha mwilini karibu yote na kuachia lita moja au mbili. Ukinywa kidogo zinabana hadi nusu lita. Ukinywa zaidi zinaachia. Kwa hiyo mtu mwenye figo nzima aliyekunywa glasi tano jana na tisa leo hajakosea siku yoyote. Mpishi ameshasawazisha.

Ukishaielewa sufuria hiyo, madai mengi yanajipanga yenyewe. Chukua lile la kwamba ukihisi kiu umeshachelewa. Valtin alilijibu kwa namba: kiu huanza kabla ukali wa damu haujapanda kwa asilimia mbili, wakati hali ambayo madaktari wanaiita upungufu wa maji huanzia kwenye asilimia tano hivi. Kiu ni taa ya mafuta kwenye gari. Inawaka ukiwa bado una safari ya kutosha kukifikia kituo.

Kahawa na chai nazo zimesingiziwa sana. Ni kweli kafeini huwasukuma baadhi ya watu kwenda haja ndogo, hasa asiyeizoea au aliyekunywa nyingi kwa mpigo. Lakini kikombe kina maji mengi kuliko yale yanayosukumwa nje. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham, mwaka 2014, waliwapa wanaume 50 waliozoea kahawa vikombe vinne kwa siku, kisha wakati mwingine wakawapa maji kwa kiasi hicho hicho. Vipimo vya hali ya maji mwilini havikutofautiana kwa maana yoyote. Hesabu chai yako bila wasiwasi. Pombe kali ni habari nyingine, kwa kuwa huinyamazisha ile vasopresini. Aliyewahi kuamka asubuhi yake na ulimi mkavu kama kamba hahitaji maelezo yangu.

Kuhusu maji kusafisha sumu: figo huchuja zile lita 180 uwe umekunywa glasi nne au kumi na nne. Taka hutoka zile zile, ila kwenye mkojo mwepesi zaidi. Kuhusu maji wakati wa kula kuvuruga umeng'enyaji, tumbo linajua kuongeza asidi, na supu tumeila miaka yote. Ngozi kung'aa? Aliyekuwa na upungufu wa kweli ataona nafuu. Aliyekuwa sawa ataona choo tu.

Wengi huniuliza kuhusu rangi ya mkojo, na mimi naipenda njia hii kwa sababu haina gharama wala hesabu. Njano hafifu, kama maji yaliyokamuliwa ndimu kidogo, ni dalili njema. Ikikolea kuelekea rangi ya chai ya rangi, ongeza vinywaji. Ila usihukumu kwa mkojo wa alfajiri, kwa kuwa figo zimebana usiku kucha ili ulale, hivyo lazima uwe mzito. Usishtushwe pia na njano inayong'aa baada ya vidonge vya vitamini B, wala wekundu baada ya viazi sukari vyekundu vile vya kutengenezea saladi. Na mkojo mweupe kama maji ya bomba siku nzima hauna nishani. Figo zinakuambia tu kwamba zinatoa ziada. Lakini mkojo wa rangi ya kola au wenye damu, kama hukula chochote cha kuupaka rangi, haumalizwi na glasi ya maji. Unakupeleka kwa daktari.

Sasa tugeuze sufuria upande wa pili. Mchuzi unaweza kumwagiwa maji hadi ukapoteza ladha, na damu vilevile. Figo, hata zikikimbia kwa nguvu zote, hutoa takriban lita moja kwa saa, nazo hushindwa mapema zaidi pale vasopresini inapokuwa juu, kama inavyotokea kwenye mazoezi marefu. Mtu akinywa kuliko hapo kwa saa kadhaa, chumvi ya sodiamu kwenye damu huzimuliwa. Maji huingia kwenye seli, seli huvimba, na ubongo umefungiwa ndani ya mfupa usiopanuka. Huanza kichefuchefu na kichwa kuuma, kisha kuchanganyikiwa, kisha degedege. Mwaka 2007 huko Sacramento, Marekani, mwanamke mmoja alifariki baada ya shindano la redio la kunywa maji mengi bila kwenda haja ndogo. Yalikuwa maji safi, yasiyo na sumu wala vijidudu.

Wakimbiaji wa mbio ndefu walilijifunza hili kwa uchungu. Kwa miaka mingi waliambiwa wanywe kadiri tumbo litakavyobeba. Kwenye mbio za Boston za mwaka 2002 watafiti walichukua damu ya wakimbiaji 488 walipofika mwisho, na asilimia 13 yao walikutwa na sodiamu iliyoshuka chini ya kawaida. Walioathirika zaidi hawakuwa wale wa mbele waliokauka midomo. Wengi walikuwa wa nyuma, waliochukua zaidi ya saa nne, waliosimama karibu kila meza ya maji, na ambao walimaliza wakiwa na uzito mkubwa kuliko walioanza nao. Hebu fikiria, kukimbia kilomita 42 ukanenepa! Vinywaji vya michezo havikuwakinga, kwa kuwa chumvi iliyomo ni kidogo mno ukilinganisha na ya damu.

Nimeisifu kiu vya kutosha, na kusifu bila kuweka mipaka kungekuwa ni kuacha sentensi ya tatu kama walivyofanya wengine. Wapo ambao mpishi wao hasikiki vizuri.

Wazee ndio wa kwanza. Kadiri umri unavyosonga, kiu huja kwa kuchelewa na figo hupoteza ustadi wa kubana. Mzee anaweza kukaukiwa bila kuomba maji, na dalili ya kwanza ikawa kuchanganyikiwa au kizunguzungu anaposimama, jambo ambalo wanafamilia hulitafsiri kuwa ni uzee tu. Baadhi yao hujinyima makusudi wakikwepa safari za chooni usiku. Kumwekea kinywaji anachokipenda karibu na mkono, mara nyingi mchana na kidogo jioni, husaidia kuliko kumhutubia.

Watoto wachanga wako upande mwingine. Mtoto aliye chini ya miezi sita anayenyonya hahitaji maji kabisa, hata kukiwa na joto, kwa kuwa maziwa ya mama yana maji kwa takriban asilimia 87. Maji ya ziada hujaza tumbo dogo bila lishe na yanaweza kuizimua sodiamu yake kwa urahisi kuliko ya mtu mzima. Anayestahili kuongezewa ni mama: mamlaka ile ya Ulaya inakadiria nyongeza ya mililita 300 za maji yote kwa siku wakati wa ujauzito na 700 wakati wa kunyonyesha.

Anayefanya kazi juani anaweza kutoa lita moja ya jasho kwa saa, wengine zaidi. Huyu asingoje hadi mapumziko. Anywe kidogo kidogo tangu mwanzo, na jasho likiwa jingi kwa saa nyingi ale chakula chenye chumvi, kwa kuwa jasho limeondoka na vyote viwili. Kwa kuharisha na kutapika, maji matupu hayatoshi kwa sababu hiyo hiyo. Dawa ya ORS ipo kwa ajili hiyo, na ikikosekana, lita moja ya maji safi yenye vijiko vya chai sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, hushika nafasi hadi mgonjwa afike kwenye kituo cha afya. Usizidishe chumvi kwa huruma.

Kuna pia ambao kunywa zaidi ya kiu ni tiba yenye ushahidi. Nchini Italia, watafiti waliwafuatilia kwa miaka mitano watu 199 waliopata jiwe la figo kwa mara ya kwanza. Waliotakiwa kunywa maji mengi, yatoe angalau lita mbili za mkojo kwa siku, mawe yaliwarudia asilimia 12. Wengine, asilimia 27. Wanawake wanaosumbuliwa mara kwa mara na maambukizi ya njia ya mkojo nao wana habari njema. Katika utafiti wa mwaka 2018 waliokuwa wakinywa chini ya lita moja na nusu kwa siku waliongezewa lita moja na nusu nyingine, na maambukizi yakapungua karibu kwa nusu ndani ya mwaka.

Tunarudi kwa yule mtu wa mwanzo, aliyewekewa mpaka wa lita moja na nusu. Huenda moyo wake umechoka kusukuma, au figo zake hazitoi tena ziada. Kwake yeye sufuria haina pa kumwagia: kinachoingia kinabaki, miguu inavimba, kisha maji yanapanda kwenye mapafu na pumzi zinakuwa fupi. Ujumbe wa glasi nane unaweza kumlaza hospitalini. Na hapa ndipo ile sentensi ya 1945 inapogeuka kuwa jambo la kila mlo, kwa sababu kwenye mpaka wake daktari anahesabu chai ya asubuhi, supu ya mchana, maziwa, maji ya kumezea dawa na hata barafu anayoinyonya. Wagonjwa wengi hupima maji ya chupa kwa uaminifu kabisa, wakashangaa kilo mbili zimeongezeka ndani ya siku tatu, wakati supu haikuwa imeandikwa popote.